Walisema Ninafunga

Msimu mzima wa mvua nilikuwa sili, na akina mama wa kikundi cha maombi cha Bweremana wakasema ninafunga.

Naanzia hapo kwa sababu ndipo hasira yangu inapoanzia. Nimejaribu kuanzia kwingine nikashindwa. Niliandika mwanzo wa kistaarabu, wenye shukrani kwa Mungu na kwa waganga wa hospitali, nikaufuta. Nikaandika mwingine wa kueleza ugonjwa wenyewe, nao nikaufuta, maana sikusomea uganga. Nilisomea maendeleo ya vijijini, na mpaka leo vijiji havijanihitaji. Ninachokijua vizuri ni kimoja: jinsi kijana wa miaka kumi na saba anavyoweza kuzama mchana kweupe, huku watu wanaompenda wamemzunguka wakimpigia makofi.

Kama una mtoto au mdogo wako mwenye saratani, na kila anayetoka chumbani kwake anakuambia, "Anavumilia vizuri sana," soma haya. Kama mgonjwa ni wewe mwenyewe, soma ukiwa umelala. Hakuna haja ya kujikaza ukae.

Kwetu ni Muheto, kwenye vilima vya Masisi. Tulikuwa tunapalilia maharage ya msimu wa pili nilipogusa shingo yangu nikakuta tezi chini ya taya, ngumu, isiyouma. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mimi ni mtu wa kuwaza. Tangu utoto nikiona wingu nafikiria mvua, kisha mafuriko, kisha tutahamia wapi. Lakini tezi ile niliificha chini ya kitambaa kwa sababu mitihani ya taifa ilikuwa karibu. Ilipokuwa kubwa kama yai, Papa, baba yangu, akanichukua. Tulipita kituo cha afya, tukapita hospitali ya Masisi, tukaishia hospitali kubwa ya Goma, kwenye korido yenye benchi refu la mbao ambalo baadaye nililijua vizuri kuliko dawati langu la shule.

Docta, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alimweleza Papa kwa Kifaransa. Papa alikuwa anaitikia, "Oui, Docteur, oui," na mimi niliyekuwa pembeni ndiye niliyeelewa. Lenfoma. Saratani ya tezi. Dawa ya mshipani mara sita, kila baada ya wiki tatu, kama damu inaruhusu. Tulipotoka nje Papa akaniambia, "Ni tezi tu. Itapoa na sindano." Nikamjibu, "Sawa, Papa." Nilimwonea huruma, nikamsaidia kunificha ugonjwa wangu. Watu wengi wa kwetu hufanya hivyo wakidhani wanalindana. Matokeo yake ni kwamba mnalala chumba kimoja na hakuna hata mmoja mnayeweza kuzungumza naye.

Barabara ya Muheto hufungwa mara na matope, mara na risasi. Ikaamuliwa nikae Bweremana, kando ya Ziwa Kivu, kwa mdogo wa mama yangu, Mama Jozefina. Yeye huuza sambaza, wale dagaa wadogo wa ziwani, na alikuwa mtu wa kikundi cha maombi. Kutoka kwake mpaka Goma unapita mji wa Sake katikati ya njia, na pikipiki inafika siku hiyohiyo.

Dawa ya kwanza na ya pili nilipata kiangazi. Sitaeleza dawa hufanyaje kazi. Nitasema tu kwamba moja ni nyekundu, na ukienda msalani baadaye unapiga kelele ukidhani unakojoa damu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukuonya. Mdomo uliota vidonda. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Mishipa ya mkono wa kushoto ikawa migumu kama uzi wa kushonea magunia. Baada ya dawa ya pili niliamka nikakuta nywele zangu zimebaki kwenye mto, na Mama mudogo, ndivyo nilivyomwita Mama Jozefina, akazikusanya haraka kwa khanga kama mtu anayefuta maji yaliyomwagika, akisema, "Zitarudi, zitarudi, zitarudi."

Wiki hiyohiyo matokeo ya mitihani, ile niliyoikosa mimi, yakatoka. Mnajua kwetu: aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, akazungushwa mitaani kwa nyimbo. Nilikuwa nimekaa mlangoni na kitambaa changu. Wakapita vijana wa Bweremana, weupe kuanzia utosini mpaka kwenye nyusi, wakicheza. Mmoja akanipungia mkono. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilijua kabisa nitalia, nilikuwa nimeshapanga niingie chumba gani. Lakini kilio hakikuja. Hakuna kilichokuja. Niliwatazama kama mtu anavyotazama magari yanayokwenda mahali asikokujua.

Nataka mzazi anielewe hapa, maana ndipo wote tulipokosea. Kwetu mtu wa namna hiyo tunasema ana mawazo. Mimi sikuwa na mawazo. Mimi ambaye sijawahi kulala bila kufikiria jinsi paa litakavyoanguka, kichwa changu kilinyamaza. Sikuogopa kufa, wala sikuogopa kupona. Asubuhi nilifungua macho na kazi ya kugeuka upande wa pili ilionekana kubwa kama kulima kilima kizima. Watu husubiri machozi ili wajue mtoto ana huzuni. Nawaambia, machozi ni dalili kwamba bado kuna mtu ndani.

Mvua ikaanza, nikapata dawa ya tatu, nikaacha kula, isipokuwa vijiko vichache vya uji siku moja moja.

Kikundi cha maombi kilikuwa kinakutana uani kwa Mama mudogo kila Jumatano na Ijumaa, na siku hizo walifunga mpaka jioni. Kiongozi wao alikuwa Mama Leya, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuamrisha hata anapoomba. Siku moja aliingia chumbani kuniwekea mikono. Akaona sahani yangu ya bugali na sambaza, haijaguswa, mafuta yameganda juu.

"Haukukula?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana."

Akasimama wima. Akafungua pazia akaita, "Jozefina! Mukuye muone! Huyu mutoto iko anafunga na siye!"

Wakajaa mlangoni. Mmoja akaanza kulia. Mwingine akasema, "Na ile kansere yake! Siye tuko na afya, tunalalamika njaa saa sita."

Nikasema, "Sifungi, Mama Leya. Sina njaa tu."

Mama Leya akawageukia, uso unang'aa. "Munasikia? Hataki kujivuna. Njo vile Maandiko inasema, ukifunga usijionyeshe."

Nilisema tena. Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu. Naomba mfikirie jambo hilo, maana mimi nimelifikiria miaka yote hii na bado linanikasirisha: nilikuwa nimesema ukweli mtupu, kwa sauti, mbele ya watu kumi hivi, na ukweli huo ukageuzwa ushahidi dhidi yangu. Nilichoka. Nikanyamaza. Na kunyamaza nako kukawa unyenyekevu.

Baada ya hapo wakaanza kuja kwangu. Mwanamke ambaye mumewe alikwenda migodini Walikale na hakupiga simu. Binti aliyetaka visa. Mzee mmoja ambaye mbuzi wake alipotea. Alikaa kando ya mkeka wangu nusu ya asubuhi akinieleza rangi ya mbuzi, pembe moja fupi, tabia yake mbaya, ili nimweleze Mungu vizuri asije akaleta mbuzi mwingine. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Mbuzi alirudi. Sifa zangu zikafika mpaka Minova, mji wa jirani.

Chakula changu kisicholiwa Mama mudogo aliwapa kuku, akikiita sadaka. Jirani akawa anamtania, "Kuku za Jozefina zinanenepa kuliko za padri." Kila mtu alicheka. Hakuna aliyetazama sahani zile zilitoka kwa nani.

Na hospitali? Hospitali nilikuwa mtoto wa mfano. Kwenye benchi la korido alikaa msichana mwingine, Mapendo, wa miaka kumi na tano, kutoka Walikale. Saratani yake ilikuwa ya mfupa, na mguu wa kulia walikuwa wameukata juu ya goti. Mapendo alilia. Mapendo alitupa beseni. Alimwambia muuguzi mmoja kwamba mikono yake ni ya kuchunia mbuzi, si ya kutafutia mshipa. Wauguzi waliponipitia mimi walimwambia, "Angalia mwenzako! Haone vile anatulia? Mufano wake haukufundishe?"

Mapendo akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Huyu? Huyu ni picha ya mu kalenda."

Nilimpenda papo hapo, kadiri nilivyoweza kupenda kitu wakati ule. Tulikaa pamoja kila dawa zetu zilipokutana. Yeye alisema, mimi nilisikiliza. Alinifundisha kuwapa waganga majina ya wanyama. Kwa sababu alilia, walimketisha na mama mmoja wa hospitali ambaye kazi yake ni kuongea na wagonjwa. Kwa sababu mimi nilitulia, sikupewa mtu. Docta aliponiuliza, "Unaendelea namna gani?" nilijibu, "Vizuri," na hapo nilikuwa na hoja ndefu nyuma yake, za enzi nilipokuwa bado nawaza: nikisema niko vibaya, atadhani sitaki dawa, akidhani sitaki, atampa mtoto mwingine nafasi yangu, Papa atajua, Papa atakufa kwa presha. Kwa hiyo "vizuri". Uzito ulipungua kila mara kwenye mzani, na wote tukailaumu dawa.

Baada ya dawa ya nne, tezi ikaisha. Ukigusa shingo ilikuwa laini kama ya mtu mwingine. Docta akasema inatia moyo, ila mbili zilizobaki ni za lazima, na ugonjwa huu ukiachwa nusu hurudi na hasira. Nilimfikishia Mama mudogo maneno yote mawili. Kikundi kilisikia moja.

"Amepona!" akasema Mama Leya. "Mutoto amefunga, Mungu amejibu. Sasa kumurudisha kule kwa ile sumu, si ni kumuambia Mungu hatumuamini?"

Ikapangwa Jumapili ya ushuhuda. Nisimame mbele ya kanisa zima, niseme. Papa aliitwa kutoka Muheto. Dawa ya tano ilikuwa siku moja kabla, Jumamosi, lakini hakuna aliyeitaja tena. Baada ya ushuhuda Papa angenirudisha nyumbani vilimani.

Mtauliza mimi nilisema nini. Nilifarijika. Lakini msidhani niliamini nimepona; sikuamini hata kidogo. Nilifarijika kwamba hakutakuwa tena na pikipiki, korido, sindano, wala mtu wa kuniuliza. Ugonjwa ungerudi, na ningekuwa nimelala. Siku zile hilo halikuonekana kuwa jambo baya. Nayaandika wazi kwa sababu najua kuna kijana anayeyasoma naye amewaza hivyo, na anadhani ni yeye peke yake duniani.

Ijumaa asubuhi, Papa akiwa ameshafika usiku uliotangulia, simu ya Mama mudogo ikalia. Ilikuwa Mapendo, kwa simu ya mama yake, kutoka hospitali.

"Uko wapi, weye?"

"Bweremana."

"Juu ya nini? Kesho njo siku yako. Kile kitanda cha dirisha nimekikalia. Nimetukana mama muzima juu yake."

"Sikuye tena kule. Banasema nimepona."

"Banasema. Na weye unasema je?"

"Sisemi kitu."

"Weye hausemaka kitu." Akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa tabia yake. "Sikiya. Papa yangu akiendaka kuwinda na wenzake, mu pori hauone muntu, majani imefunga. Banaitana. Wuu, niko huku! Wuu, niko kule! Kama mumoja hajibu, hata nyama ikuwe pale mbele ya macho, banaiacha. Banaenda kumutafuta."

"Na kama iko amelala tu?"

"Banamupiga makofi, banarudi kwa nyama." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sola, weye umenyamaza tangu mvua ilianza. Miye na huu muguu moja siwezi kukuya kukutafuta. Itika, wee. Itika hata kwa muntu mubaya."

Simu ikakatika. Nilikaa na ile simu mkononi. Sitaki kusema kitu kiliwaka ndani yangu, maana hakikuwaka. Nilichohisi kilikuwa kama kukwaruzwa, hafifu sana. Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia Mapendo kwanza, kwa kunipa kazi. Lakini ilikuwa hasira, na tangu siku ya poda sikuwa nimehisi chochote.

Uani kikundi kilikuwa kimeanza. Walikuwa wengi kuliko siku zote, wote wamefunga, Papa amekaa kwenye kiti cha heshima karibu na Mama Leya. Nikatoka. Wakaimba kwa nguvu zaidi. Nilijua nikisema, maneno yangu yatageuzwa tena. Kwa hiyo sikusema. Karibu na mlango wa jikoni kulikuwa na sahani ya watoto wadogo, bugali na sambaza za kukaanga. Nikaichukua, nikakaa chini kwenye kizingiti, mbele ya macho ya wote, nikaanza kula.

Wimbo ulikatika vipande vipande, kama mvua inavyoacha bati.

"Sola!" Mama Leya akasema. "Leo ni Ijumaa!"

"Najua."

"Unakula?"

"Ninakula juu sijafunga. Sijafunga hata siku moja. Sina njaa tangu mvua ianze, sisali, na mukiniimbia sisikii kitu. Mbuzi wa yule mzee alirudi peke yake."

"Ni Shetani," mama mmoja akanong'ona. "Anamupiganisha kabla ya ushuhuda."

Mama Leya akaanzisha wimbo mwingine. Kwa kweli alianzisha wimbo! Na mimi nikaendelea kutafuna. Chumvi iliunguza vidonda mdomoni, machozi yakanitoka kwa uchungu wa chumvi, bugali ikawa kama udongo, na ubeti wa pili haujafika nikatapika yote kwenye mkeka wa maombi.

"Munyamaze kwanza!" Aliyepiga kelele ni Mama mudogo. Sikuwahi kumsikia akimpazia sauti Mama Leya. Alikuja akapiga magoti, akanishika mkono juu ya kiwiko, na vidole vyake vikazunguka mkono wote vikakutana. Akavitazama vile vidole. "Kuku," akasema polepole. "Miye nilikuwa nanenepesha kuku."

Papa alinitoa nje ya ua. Tulisimama kando ya barabara, pikipiki zikitupita na matope. Alikuwa amekasirika kweli. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Umenipatisha haya mbele ya bantu."

Nilipangusa matapishi kidevuni.

"Kama uliumia, juu ya nini haukulia? Mutoto akilia, bantu banajua!"

"Mulisema ninavumilia vizuri."

"Njo vile nilisema!" Akapiga kelele, kisha sauti ikamwisha. "Nilisema juu nilikuwa na woga. Kila siku nilisema kwa bantu, nikisema hivi, hofu inapunguka." Akajipangusa uso kwa kofia. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyethubutu: "Unataka kufa, mama?" Kwetu baba humwita binti yake mama anapokuwa hana jina jingine la kutosha.

"Sitaki kufa. Nataka tu nisiamke."

"Ile ni kitu kimoja?"

"Sijui."

"Na miye sijui," akasema Papa. "Docta njo atatuambia."

Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kwenda Goma. Kwenye korido Docta alitoka akauliza kama kawaida, "Unaendelea namna gani?" Nikaona Papa anafungua mdomo, na neno lenyewe nikaliona limeshafika kwenye meno yake. Akafunga mdomo. Akanitazama.

"Vibaya," nikasema.

Docta akavuta kiti. Aliniuliza maswali ya moja kwa moja: nalala vipi, nakula nini, tangu lini, kama nawaza kufa, kama nimewaza jinsi ya kufanya hivyo. Hakushtuka kwa jibu lolote. Alisema huu nao ni ugonjwa, umekaa mgongoni mwa ule wa kwanza, na huwapata vijana wengi wenye saratani. Hautokani na imani ndogo wala na kukosa shukrani, na unatibika. Nilikasirika tena. Kama huwapata wengi, kwa nini hakuna aliyeutafuta kwangu? Nilimwambia hivyo. Alikubali kwamba nina haki, na hilo likaniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi.

Nisiwadanganye kuhusu kilichofuata. Nilipewa yule mama wa kuongea na wagonjwa, na mara ya kwanza alinipa kalamu za rangi nichore. Nilichukia. Nilimwambia nimesoma mpaka mwaka wa mwisho wa sekondari. Akasema, "Basi chora kitu cha mwaka wa mwisho," nikachora mzani wa hospitali, na kuanzia pale tukaongea. Nilipewa pia vidonge. Kwa wiki kadhaa havikufanya lolote ila kunikausha mdomo. Kulikuwa na kazi ndogo ndogo za kila siku: kuosha kikombe changu mwenyewe, kukaa juani hata kama sitaki, kumwambia Mama mudogo kila asubuhi neno moja la kweli. Siku nyingine neno lilikuwa "hapana". Mama mudogo aliacha kunijazia sahani, kwa maana sahani iliyojaa ni hukumu. Alinipa uji kwenye kikombe kidogo, au kipande cha parachichi chenye chumvi kiasi, akaondoka bila kungoja kuona. Kama kuna huruma moja iliyoniokoa mdomo na moyo pamoja, ni ile ya kuondoka bila kungoja kuona.

Papa alipiga marufuku neno kuvumilia nyumbani kwetu. Lilimponyoka kila siku. Alikuwa anajikata katikati, "Ana-vu...", kisha anasema, "Muulize yeye mwenyewe."

Sipingi maombi. Nasali mpaka leo, kwa ubishi mwingi. Ninachopinga ni kumwombea mtu bila kumsikiliza anaposema hana njaa. Mama Leya alikuja kuniona baadaye, akaleta mayai, akakaa nami bila kuomba kwa sauti, jambo lililomgharimu sana. Lakini nasikia huko Minova bado anasimulia habari ya binti wa Muheto aliyefunga msimu mzima akiwa na saratani. Nimemsahihisha mara nyingi. Nimechoka. Na Mapendo yuko Walikale, anauza mafuta ya mawese na kuwatukana wanunuzi, wananunua hivyohivyo.

Kichwa changu kilianza kupiga kelele tena polepole, kabla hata njaa haijarudi. Asubuhi moja nilijikuta nawaza kama paa la Mama mudogo litaanguka, na nikajua kuna mtu amerudi.

Ndiyo maana dawa ya sita ilikuwa ngumu kuliko zote. Ile ya tano niliipokea nikiwa bado nusu gogo. Ya sita niliiogopa kwa akili yangu yote. Maharage yalikuwa yamevunwa, Papa ameshuka kutoka Muheto kunipeleka, pikipiki inanguruma mlangoni, na mimi nikashika mlango nikasema siendi. Nilisema kwa kelele. Nilisema nimechoka na mshipa, na ladha ya msumari, na benchi, na Goma nzima, na kwamba haki haipo, wenzangu wako chuoni na mimi nakojoa nyekundu, na mtu yeyote asiniambie Mungu ana mpango. Jirani walitoka kutazama. Mama mudogo alishika kichwa.

Papa alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia nitulie. Alisogea mbele kwenye kiti cha pikipiki, akanyoosha mkono kunipa nafasi nyuma yake.

"Kasirika," akasema. "Kasirika mu njia. Panda."

Nikapanda. Nilikasirika mpaka Sake.